Shajara ya mradi: Kuharakisha uanzishaji wa safu kubwa ya diski, Mtwara

Jumatatu, mchana

Safu imeundwa asubuhi na sasa inajisawazisha. Faili la `/proc/mdstat` linaonyesha kasi ya 38000K kwa sekunde, na muda uliobaki ni dakika 3,400 na ushee, yaani karibu saa 57. Diski ni sita, kila moja ya TB 8, zimeunganishwa kwa RAID 6 (njia ya kuzifanya diski nyingi kuwa safu moja inayostahimili kufa kwa diski mbili) ya programu ndani ya Linux, Debian 12, bila kadi maalumu ya RAID. Diski mbili zinaliwa na pariti, yaani hesabu ya ziada ya kujengea upya data ya diski iliyokufa, kwa hiyo nafasi ya kazi ni TB 32.

Mashine ni ya studio moja ya hapa Chikongola iliyoamua kuhamishia kanda zake zote kwenye diski. Ni kabati zima: MiniDV, VHS, na Hi8 chache. Humo mna harusi, sherehe za kuwatoa wari, sindimba zilizochezwa Newala, mikutano ya wakulima wa korosho, na wazee wanaosimulia habari ambazo hakuna aliyeziandika. Wengi wa wazee hao wameshatangulia mbele za haki. Hewa ya bahari haina huruma na kanda. Nyingine zimeanza kuota ukungu mweupe pembeni, na kanda ikishashikana huwezi kuwa na uhakika kwamba itacheza tena. Ndiyo maana saa 57 za kusubiri zinaniuma.

Ukubwa wa kazi wenyewe: saa moja ya MiniDV inachukua takriban GB 13. Kuzipeleka mtandaoni hakuwezekani kwa hali yetu. TB 20 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde inayofanya kazi usiku na mchana bila kukatika ni zaidi ya siku 180. Na tunakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Hifadhi ya kwanza lazima iwe hapa hapa, ndani ya chumba chenye kanda.

Nimechagua RAID 6 badala ya RAID 5, yenye pariti moja tu, kwa sababu ya ukubwa wa diski. Diski nyingi za kawaida zimeandikiwa na watengenezaji wake kwamba zinaweza kushindwa kusoma sekta moja katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, sawa na TB 12.5. Kwa uhalisia nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Hata hivyo diski moja ikifa, kuirudisha kunahitaji kusoma diski tano zilizobaki mwanzo hadi mwisho, TB 40. Kwenye safari ya urefu huo nataka pariti ya pili iwepo.

Jumatatu, usiku

Mzee mwenye studio alipita baada ya swala ya isha. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta kiti na kuitazama skrini kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo ndilo mzizi wa mradi wote huu: "Kijana wangu, hizi diski hazina kitu bado. Sasa zinasawazisha nini?"

Jibu ni kwamba diski "tupu" si tupu. Ina biti zilizobaki za matumizi ya zamani, na diski zetu tatu zilikuwa kwenye mashine nyingine kabla ya kuja hapa. RAID 6 inataka katika kila mstari unaokatiza diski zote sita, vipande vinne vya data vilingane kihesabu na vipande viwili vya pariti, P na Q. Safu mpya inakuta takataka nne na takataka mbili zisizohusiana kabisa. Kwa hiyo kerneli, kiini cha Linux, inapita mstari kwa mstari: inasoma vyote, inakokotoa, inakuta havilingani, inaandika P na Q sahihi. Kwenye diski zetu karibu kila mstari haulingani.

Hapo ndipo kasi inapopotea. Kichwa cha diski kinasoma kipande, kinasogea, kisha kinarudishwa nyuma kuandika pale kilipokwisha kupita, halafu kinakwenda mbele tena. Diski ya sumaku inapenda kwenda moja kwa moja. Ukiilazimisha kurudi nyuma kila mara ni sawa na mtu anayepalilia shamba kwa kuliacha tuta kila baada ya hatua tatu akatazame la jana. Jembe ni lile lile na nguvu ni zile zile, ila jua linazama shamba likiwa nusu.

RAID 5 ina ahueni hapa. `mdadm`, programu ya Linux ya kuunda na kusimamia safu hizi, inapoiunda, huichukua diski ya mwisho kama mgeni na kujenga yaliyomo ndani yake kutokana na zile nyingine. Diski zote zinasomwa tu, moja inaandikwa tu, hakuna kurudi nyuma. RAID 6 haifanyiwi hivyo.

Kijana wa studio, anayejua kompyuta vizuri, naye alikuwa na lake: "Kaka, nimeona kuna neno `--assume-clean`, yaani chukulia ni safi. Ukiliweka safu inakuwa tayari papo hapo. Kwa nini tunajitesa?"

Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi, na naiweka hapa kwa sababu naona ndiyo jambo la kuelewa kuliko amri zote. Tuchukue pariti rahisi ya XOR, inayolinganisha biti za namba mbili: zikifanana inatoa 0, zikitofautiana inatoa 1. Diski ya kwanza ina 5, ya pili ina 3. Pariti sahihi ni 6. Lakini hatukusawazisha, na diski ya pariti ina 9 iliyobaki tangu zamani. Sasa tunaandika 4 mahali pa 5. Ili kuokoa muda kerneli haisomi mstari wote. Inachukua pariti iliyopo, inatoa ndani yake thamani ya zamani na kutia mpya: 9 XOR 5 XOR 4, inapata 8. Pariti sahihi ingekuwa 7. Kosa lililokuwemo limebaki humo humo, limebadilisha sura tu. Diski ya kwanza ikifa kesho, tunaijenga kwa 8 XOR 3, tunapata 11. Tuliandika 4. Kanda ya mzee imerudi ikiwa imeharibika, na hakuna mahali popote palipotoa onyo.

Zamani RAID 6 ya Linux ilikuwa ikikokotoa pariti yote upya kila inapoandika, na watu wakazoea kusema `--assume-clean` haina neno. Tangu kerneli 4.1 nayo hutumia njia hii ya mkato. Ushauri ule umepitwa na wakati.

Kitu kingine ambacho kijana hakukijua, na wengi hawakijui: safu inayoendelea kusawazishwa iko salama kuliko iliyodanganywa. Kerneli inafahamu mpaka ilipofikia. Maandishi yanayoangukia mbele ya mpaka huo hukokotolewa pariti yote upya, haiiamini ile ya zamani. Ukisema `--assume-clean` juu ya takataka, umeufuta mpaka huo. Umeiambia kerneli kwamba kila kitu ni sahihi, nayo inakuamini.

Basi kazi ni kutafuta njia ya kufanya neno hilo liwe kweli, au kuifanya njia ndefu iwe fupi. Kesho nitapima zote mbili.

Jumanne, asubuhi

Nimeisimamisha safu. Hakuna data ndani bado, na kupima mabadiliko kwenye TB 8 ni kusubiri mpaka uzee. `mdadm --create` inakubali `--size`, kwa hiyo natengeneza safu ndogo juu ya diski zile zile, GB 20 tu kutoka kila diski. Jaribio zima linakwisha kwa dakika chache. Angalizo moja: GB 20 za mwanzo ziko ukingo wa nje wa sahani, ambako diski ina kasi kubwa kuliko sehemu zote. Namba za hapa zinafaa kulinganisha njia na njia. Za kukadiria safari nzima lazima zipunguzwe.

Kwanza kila diski peke yake, kusoma tu kwa `dd` yenye `iflag=direct`. Zote zinatoa kati ya MB 190 na 210 kwa sekunde, isipokuwa moja ya zile za zamani inayopanda na kushuka, mara 180, mara 60. `smartctl`, inayosoma afya ya diski, inaonyesha `Current_Pending_Sector`, yaani sekta zinazoshindikana kusomeka, si sifuri. Nimeitoa na kuweka ya akiba. Mistari inapita diski zote kwa pamoja, kwa hiyo diski moja mbovu inawachelewesha wote sita.

Halafu nimewasha zote kwa wakati mmoja, na jambo likajitokeza. Mbili zilizochomekwa kwenye ubao mama zinabaki 200. Nne zilizo kwenye kadi ya ziada ya SATA zinashuka mpaka chini kidogo ya 100 kila moja. Jumla ya kadi haivuki 400.

`lspci -vv` imetoa sababu. Kadi yenyewe ina uwezo wa njia mbili za PCIe, muunganisho wa kadi na ubao mama, kwa kasi ya 8GT/s. Mstari wa `LnkSta`, hali halisi ya muunganisho, unasema 5GT/s, yaani kasi ya PCIe 2.0, upana x1 (njia moja), na kando yake neno `downgraded`. Mashine ilifika kadi ikiwa kwenye tundu fupi. Njia moja ya PCIe 2.0 ni MB 500 kwa sekunde kwenye karatasi na kama 400 kwa kazi halisi. Ukigawia diski nne, kila moja inapata 100. Tundu refu la kadi ya picha lilikuwa wazi, kwa kuwa mashine hii haihitaji picha zaidi ya ile ya prosesa. Nimezima, nimehamisha kadi, nimewasha: 8GT/s, x2. Sasa diski zote sita zinasoma kwa pamoja bila moja kumpunguzia mwenzake.

Ningeomba kila anayeunda safu kubwa aanze na kipimo hiki kabla ya kugusa chochote ndani ya kerneli. Mipangilio haiwezi kupanua tundu.

Jumanne, jioni

Safu ndogo, diski chafu, usawazishaji wa kawaida, kadi ikiwa kwenye tundu lake jipya: MB 71 kwa sekunde.

Sasa mipangilio. Watu wengi huanza na `/proc/sys/dev/raid/speed_limit_min` na `speed_limit_max`. Kwa kawaida ya kwanza ni 1000 na ya pili ni 200000, zote kwa kilobaiti kwa sekunde kwa kila diski. Maana yake inachanganya. Ile ya juu ni dari. Kama diski haifiki huko, kuipandisha hakubadilishi kitu. Ile ya chini inafanya kazi pale tu safu inapotumiwa kwa jambo lingine wakati wa kusawazisha: kerneli inaipisha kazi ya mtumiaji na kujishusha mpaka kwenye kiwango hicho. Ukirekodi kanda mfululizo huku safu inasawazishwa, na kiwango kikabaki 1000, TB 8 zingehitaji siku 90. Kwa safu isiyo na mtumiaji, kama yetu sasa, namba hizi mbili hazikuongeza chochote. Nilipima.

Kilichoongeza ni hiki:

`echo 8192 > /sys/block/md0/md/stripe_cache_size`

Thamani ya kawaida ni 256. Ni idadi ya mistari ambayo kerneli inaweza kuishika kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, kila mmoja ukichukua ukurasa wa KB 4 kwa kila diski. Ikiwa michache, kerneli inasoma kidogo, inaandika kidogo, inasoma kidogo. Ikiwa mingi, inasoma mfululizo mrefu kabla ya kurudi kuandika, na kichwa kinasafiri mara chache. Gharama yake ni kumbukumbu: KB 4 mara 8,192 mara diski sita ni MB 192. Mashine ina GB 16, haitajua. Kasi imepanda kutoka 71 hadi 118. Nilijaribu 16384 na 32768, ambayo ndiyo mwisho. Hazikuzidi hapo kwa kiasi cha kuonekana.

`group_thread_cnt`, inayogawa hesabu ya pariti kwa nyuzi kadhaa za prosesa, haikubadilisha kitu. Nilitegemea hivyo. Mashine inapowaka kerneli hupima njia zake za kukokotoa RAID 6 na kuchagua ya haraka, na `dmesg` inaonyesha maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Prosesa inazisubiri diski. Mpangilio huo ni wa watu wenye SSD, diski za kasi zisizo na sahani inayozunguka.

Ramani ya biti, ambayo `mdadm` huiweka yenyewe safu ikizidi GB 100, nayo haihusiki na mwanzo huu. Kazi yake ni baada ya mashine kuzimika ghafla: inakumbuka ni maeneo gani yalikuwa yanaandikwa ili yasawazishwe hayo tu. Kuna wanaoishauri iondolewe wakati wa kuanzisha. Kwetu hapa, ambako umeme hauagi, itabaki.

Jaribio la mwisho la leo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nimejaza sifuri kwenye eneo lile la GB 20 la kila diski, na kuacha nafasi ya ziada kwa maelezo ambayo `mdadm` huyaandika kwenye diski, kisha nikaunda safu ile ile bila neno lolote la mkato, ili isawazishe kwa kawaida. MB 194 kwa sekunde. Diski zile zile, mipangilio ile ile, tofauti ni kwamba kila mstari unasomwa, unakutwa sahihi, na hakuna cha kuandika.

Sababu ni nyepesi na inapendeza. XOR ya sifuri na sifuri ni sifuri, kwa hiyo P imekaa sawa. Q hutengenezwa kwa kuzidisha kila kipande kwa namba yake katika hesabu ya Galois na kujumlisha, na sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Diski sita zilizojaa sifuri tayari ni RAID 6 kamili. `--assume-clean` juu yake ni kweli tupu.

Jumanne, usiku sana

Uamuzi. Nikiacha isawazishe diski chafu kwa mipangilio mipya, wastani wa safari nzima, ukihesabu kushuka kwa kasi kuelekea katikati ya sahani, utakuwa kama 90. Hiyo ni saa 24 na zaidi kidogo. Nikijaza sifuri diski zote sita kwa pamoja, kila moja ikiandika tu mbele, wastani ni kama 155, saa 14 na ushee.

`mdadm` yenyewe ina neno `--write-zeroes` kuanzia toleo 4.3 la mwaka 2024. Unaunda safu, inajaza sifuri diski zote sambamba, ikimaliza inaichukulia safu kuwa safi. Debian 12 ina 4.2. Ningeweza kujenga toleo jipya, lakini kwa hapa naona njia hiyo ina upungufu mmoja: kujaza kunafanyika kabla safu haijakuwepo, na umeme ukikatika saa ya kumi na tatu hakuna kumbukumbu ya mahali ulipofika. Unaanza upya. Usawazishaji wa kawaida hauna shida hiyo, kwani kerneli huandika kituo chake kwenye diski kila baada ya muda.

Nataka kasi ya ile na uvumilivu wa hii. Nimeandika skripti fupi. Kila diski ina mzunguko wake unaoandika sifuri kwa `dd`, `bs=16M`, `oflag=direct`, kwa sehemu za GB 64. Sehemu ikimalizika, namba yake inaandikwa kwenye faili ndani ya SSD ndogo ya mfumo. Mashine ikiwaka tena skripti inasoma namba na kuendelea kwa `seek`. Kikubwa kinachoweza kurudiwa ni GB 64 kwa diski, dakika chache tu.

Jambo la kushikilia kwa mikono miwili: skripti inaita diski kwa majina ya `/dev/disk/by-id`, yenye namba ya utambulisho (serial) ya kila diski, kamwe si `sda` au `sdb`. Majina hayo mafupi hubadilishana baada ya kuwasha upya, na amri hii haiulizi. Nimebandika karatasi yenye namba hizo mbele ya kila diski, na kijana wa studio amezisoma kwa sauti huku mimi nikizilinganisha na skrini.

Jumatano

Imeanza saa moja asubuhi. Diski zote kwenye 200 na zaidi.

Joto ndilo lililonishughulisha. Kufikia saa tano diski mbili za katikati zilikuwa nyuzi 48, na chumba hakina kiyoyozi. Kuandika mfululizo kwa saa nyingi si sawa na siku ya kawaida ya kazi. Nimefungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani pale kwenye diski. Baada ya nusu saa 41. Pia nimeziachia nafasi, moja imehamishiwa tundu la juu lililokuwa wazi.

Saa tisa alasiri umeme ulikatika mtaa mzima. UPS ilishika mpaka skripti ikafunga sehemu zake na mashine ikazima kwa utaratibu. Ulirudi baada ya magharibi. Diski zikaendelea kutoka kwenye namba zake, kila moja na yake, kwani za ubao mama zilikuwa zimetangulia kidogo.

Wakati wa kusubiri, mzee alinitolea kanda moja ya MiniDV yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia: Mikindani, bila mwaka. Anasema ni ngoma iliyochezwa siku aliyotawazwa mtu ambaye wajukuu zake sasa ndio wazee. Hajaicheza tangu kifaa chake kilipoharibika. Nimemwomba asiiweke kwenye kifaa chochote mpaka safu iwe tayari, ikichezwa ichezwe mara moja na irekodiwe hapo hapo.

Alhamisi

Ya mwisho imemaliza alfajiri. Kama nilivyotarajia, kasi ilikuwa ikishuka taratibu. Mwishoni kabisa diski zilikuwa zikitoa kama 105.

Kujaza sifuri kumefanya kazi nyingine ambayo sikuilipia: kila sekta ya kila diski imeguswa. Nimepitia `smartctl` zote sita. Hakuna sekta inayosubiri, hakuna iliyohamishwa. Diski ambayo ingekuja kufa mwezi wa kwanza wa kazi ina nafasi kubwa ya kujionyesha hapa, kabla haijabeba kitu.

`mdadm --create /dev/md0 --level=6 --raid-devices=6 --assume-clean`, kisha majina sita marefu. Safu imezaliwa safi kwa sekunde moja, na safari hii ni haki yake.

Nimeiwekea XFS, mfumo wa kupangia faili. `mkfs.xfs` inausoma mpangilio wa safu yenyewe, kipande cha KB 512 na diski nne za data, kwa hiyo hakuna cha kukokotoa kwa mkono. Ilitoa onyo kwamba kipande ni kikubwa mno kwa ajili ya kumbukumbu yake ya ndani na kwamba imeipunguza hiyo hadi KB 32. Ni kawaida kwa ukubwa huu na haina madhara. Kwa anayependelea ext4, ajue kwamba ext4 huacha sehemu ya maandalizi yake ifanyike nyuma ya pazia baada ya kuunganishwa, na kama safu bado inasawazishwa, kazi hizo mbili zitagombania vichwa vile vile.

Mara moja nimeanzisha ukaguzi:

`echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`

Huu unasoma safu nzima na kulinganisha pariti bila kurekebisha. Kuna atakayeuliza faida iko wapi kama tunasoma TB 8 zote tena. Faida ni kwamba sasa safu iko kazini. Ukaguzi unakwenda huku kanda zinarekodiwa, na ukikatizwa hakuna kinachopotea. Nimeweka `sync_speed_min` ya safu hii kuwa 20000 mchana, ili rekodi ipishwe. DV inahitaji chini ya MB 4 kwa sekunde, kiasi kidogo sana, lakini inazihitaji bila kukosa. Diski ikichelewa kujibu fremu zinadondoka. Saa nne usiku ratiba inaipandisha hadi 150000, saa kumi na mbili asubuhi inaishusha.

Ijumaa

Ukaguzi umekwisha. `mismatch_cnt`, hesabu ya mahali pasipolingana, inasoma 0.

Kanda ya Mikindani ilichezwa baada ya swala ya Ijumaa. Tulisafisha vichwa vya kifaa kwanza, tukapeleka kanda mbele na nyuma mara moja ili ilegee, kisha ikarekodiwa. Dakika za mwanzo zina mistari, zilizobaki ziko safi, sauti nzima ipo. Mzee aliwataja wachezaji mmoja mmoja, na kijana akayaandika majina kwenye faili la maelezo kando ya video. Hakuna kifaa kitakachoyajua majina hayo kama hayakuandikwa sasa.

Nimejaribu pia kifo cha diski, kwa makusudi, kukiwa na nakala ya rekodi hii kwenye diski ya nje: nikaitangaza moja kuwa mbovu kwa `--fail`, nikasoma video kutoka kwenye tano zilizobaki na kulinganisha `sha256sum`, alama ya hesabu inayotambulisha yaliyomo kwenye faili. Zimefanana. Nimeirudisha diski, na kwa sababu ya ramani ya biti `--re-add` imesawazisha sehemu zilizobadilika tu.

Jumamosi

Kazi zilizobaki. `stripe_cache_size` hurudi 256 kila mashine inapowaka, hivyo nimeiweka kwenye kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoweka mipangilio kifaa kinapotambuliwa. Barua ya tahadhari ya `mdadm --monitor` inapelekwa kwenye simu ya kijana na yangu. Ukaguzi unaokuja na Debian, wa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nimeuacha kama ulivyo.

RAID si nakala, na mzee ameelewa hilo bila kusukumwa. Mwenyewe aliuliza itakuwaje nyumba ikiungua. Diski mbili za nje zitajazwa kila kanda 50 zikikamilika na kupelekwa Lindi kwa ndugu yake, zikae kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye vifuko vya kukausha unyevu. Ile diski iliyotolewa Jumanne itarudi Dar kwa basi la Jumatatu, na ya akiba nyingine imeshaagizwa. Kijana ameanza na kanda za VHS zenye ukungu, kwa kuwa ndizo zisizoweza kusubiri.